Dk. Williamson wa Mwadui: ardhi ni jiwe au ni kwetu?

Wadau, sisi wa Shinyanga jina la Dk. John Williamson tunalisikia tangu utoto, ila wengi tunaishia kwenye almasi tu. Leo nataka tumwangalie kwa upande wa ardhi.

Jamaa alizaliwa Quebec, Kanada, mwaka 1907, akasoma jiolojia Chuo Kikuu cha McGill mpaka udaktari. Akaja Afrika kufanyia kazi makampuni ya madini, baadaye akaamua kujitegemea. Alizunguka Usukumani na malaria mwilini, hela nayo inakata, mpaka Machi 1940 alipoipata Mwadui. Wakili mmoja wa Mwanza, I.C. Chopra, akawa mshirika wake.

Mwaka 1947 likatoka jiwe la waridi la karati 54.5, akamzawadia Princess Elizabeth wa Uingereza kwa ajili ya harusi yake. Mwenyewe hakuoa. Alifariki Januari 1958 kwa kansa ya koo, akiwa na miaka 50 tu. Mwaka huohuo ndugu zake wakauza mgodi, De Beers na serikali ya Tanganyika wakagawana nusu kwa nusu.

Sasa mwaka 1939, yaani mmoja tu kabla ya Mwadui, Mmarekani John Steinbeck alitoa riwaya yake The Grapes of Wrath. Humo wakulima wa Oklahoma wanafukuzwa mashambani, trekta linapita mpaka nyumbani. Kwa benki ardhi ni hesabu ya kwenye karatasi. Kwa mkulima ni jasho lake na la wazee wake.

Mimi nikiisoma naiona kanda yetu. Kwa Msukuma ardhi ni shamba, na ni ngitili anayoitunza ili ng'ombe wapate majani kiangazi. Kwa Williamson utajiri ulikuwa chini ya hayo majani. Ila tumpe haki yake: aliishi palepale Mwadui, akajenga mji wenye shule na hospitali.

Suala hili halikufa naye. Mwaka 1996 maelfu ya wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, na mwaka 2000 mgodi mkubwa wa Geita ukaanza uzalishaji. Kisheria ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, na madini ni mali ya Jamhuri. Kwa hiyo hati yako inahusu juu, kilichoko chini si chako. Mgodi ukija, fidia itahesabu ardhi, nyumba, mazao na usumbufu. Mahali kilipozikwa kitovu chako hapana kipengele chake.

Sisemi migodi ifungwe, vijana tunataka ajira. Nasema mthamini akija kijijini, ajue anapima kwao na mtu. Kabla ya kutia sahihi, soma hiyo karatasi ya fidia mpaka mwisho, ukishindwa tafuta wa kukusomea.

Mnasemaje wadau wa Kahama, Geita na Maganzo?