Sicco Mansholt: Mkulima Aliyeijaza Ghala ya Ulaya

Sicco Leendert Mansholt alizaliwa tarehe 13 Septemba 1908 huko Ulrum, kaskazini mwa Uholanzi, katika familia ya wakulima walioshikilia siasa za kisoshalisti. Alisomea kilimo cha nchi za joto mjini Deventer, kisha mwaka 1934 akaenda kufanya kazi katika shamba la chai kisiwani Java, koloni la Uholanzi zama hizo. Utaratibu wa kikoloni haukumridhisha, akarejea nyumbani. Mnamo 1937 alipata shamba Wieringermeer, eneo lililokuwa chini ya maji hadi lilipokaushwa mwaka 1930.

Ujerumani ilipoivamia Uholanzi mwaka 1940, Mansholt alijiunga na upinzani wa siri, akawaficha waliosakwa na kusaidia kusambaza chakula. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, njaa iliwaua Waholanzi wapatao 20,000. Aprili 1945 Wajerumani walilipua ukuta uliozuia maji, na Wieringermeer yote ikagharikishwa.

Miezi miwili baadaye, akiwa na umri wa miaka 36, Mansholt aliteuliwa Waziri wa Kilimo, Uvuvi na Chakula. Aliwahakikishia wakulima bei, akahimiza matumizi ya mashine na kuunganishwa kwa vishamba vilivyotawanyika. Mwaka 1958 alijiunga na Tume ya Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya, akawa mwasisi mkuu wa sera ya pamoja ya kilimo iliyoanza kutekelezwa mwaka 1962.

Hata hivyo, neema nayo ilizaa mtihani. Bei zilizolindwa zilichochea uzalishaji kupita kiasi, siagi ikarundikana maghalani. Mwaka 1968 Mansholt alipendekeza wakulima wapatao milioni 5 waache kilimo ili mashamba yaliyosalia yapanuliwe. Machi 1971 maelfu kwa maelfu ya wakulima waliandamana mjini Brussels, na mtu mmoja akapoteza maisha. Yule aliyewalisha sasa alionekana adui yao.

Mwaka 1972 alikuwa Rais wa Tume hiyo. Uzeeni aliikosoa sera aliyoiasisi mwenyewe, akatetea mazingira na kilimo kisichoichosha ardhi. Alifariki Juni 1995.

Maisha yake yanatufunza kuwa kuishinda njaa ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni kuamua nani atabaki shambani. Ujasiri wa kukiri kasoro ya kazi ya mikono yake ni urithi usiopungua thamani mbele ya ghala alizozijaza.