Ndugu Laurent, Mpishi Aliyekaa Mbele za Mungu

Wako Wakristo wengi wanaosema kwamba hawapati nafasi ya kumfikiria Mungu isipokuwa siku ya Jumapili. Si kwamba hawampendi, ila kazi ni nyingi. Mama huamka alfajiri kuwasha moto, kuchota maji na kuwatayarisha watoto kwenda shule. Baba yuko shambani, dukani au ofisini mpaka jua linakuchwa. Usiku ukifika, sala husemwa na mtu ambaye tayari anasinzia. Ndipo wengine hudhani kwamba kukaa karibu na Mungu ni shughuli ya makasisi na watawa, watu wasiosumbuliwa na mambo ya dunia. Basi na tutazame maisha ya mtu mmoja aliyejifunza kukaa na Mungu mahali penye moshi, kelele na haraka, yaani jikoni.

Mtu huyo aliitwa Nicolas Herman. Alizaliwa karibu na mwaka 1614 katika kijiji cha Hériménil, nchi ya Lorraine, ambayo leo ni sehemu ya Ufaransa. Wazazi wake walikuwa wakulima wasio na mali, naye hakupata elimu kubwa. Alipokuwa na umri wa miaka 18, siku moja wakati wa baridi, aliutazama mti uliopukutika majani yote. Katika nchi zile miti mingi husimama mitupu kwa miezi, kana kwamba imekufa. Nicolas akawaza kwamba baada ya muda si mrefu mti ule utachipua, utatoa maua, kisha matunda. Wazo lenyewe lilikuwa dogo, lakini lilimfungua macho. Alitambua kwamba Mungu yuko kazini hata pale ambapo jicho halioni kitu, na utambuzi huo haukumtoka moyoni maisha yake yote.

Hata hivyo mtu asidhani kwamba tangu siku hiyo njia yake ilinyooka. Wakati ule Ulaya ilikuwa katika Vita vya Miaka Thelathini, vilivyoanza mwaka 1618 na kwisha mwaka 1648, na Lorraine iliteseka sana kwa mapigano, njaa na tauni. Nicolas akawa askari. Safari moja alikamatwa na askari wa Kijerumani, wakamdhania mpelelezi na kumtisha kwamba watamnyonga, lakini akaachiliwa. Baadaye, Waswidi waliposhambulia mji wa Rambervillers, alijeruhiwa mguu, akabaki anachechemea mpaka kufa. Alipotoka jeshini alijaribu kuishi maisha ya sala mbali na watu. Akashindwa, maana moyo wake haukutulia: leo furaha, kesho huzuni. Kisha akaenda Paris akawa mtumishi wa nyumbani kwa bwana mmoja mkubwa. Huko nako hakusifika, kwa sababu alikuwa mzito wa mikono na vyombo vilikuwa vikimvunjikia.

Mwaka 1640, akiwa mlemavu na mtu ambaye mambo mengi yalikuwa yamemshinda, alibisha hodi katika nyumba ya watawa Wakarmeli Peku mjini Paris. Walimpokea, si kuwa padre, bali kuwa ndugu wa kazi za mikono. Akapewa jina jipya, Ndugu Laurent wa Ufufuo. Waingereza humwita Lawrence. Aliweka nadhiri zake mwaka 1642. Alikuwa ametazamia kwamba humo ataadhibiwa kwa uzito wake wa mikono, naye alikuwa radhi kumtolea Mungu starehe zake zote. Kumbe hakukuta yale aliyoyaogopa. Alikuta furaha.

Kazi aliyopangiwa ilikuwa ya jikoni. Jambo hili tulikumbuke vizuri: kwa asili yake Ndugu Laurent hakuipenda kazi ya jikoni hata kidogo. Lakini aliifanya kwa muda wa miaka 15 hivi, akawa hodari. Hakubadilishiwa kazi ili ampate Mungu. Alibadilika yeye ndani ya kazi ile ile.

Alifanyaje? Hakuwa na maarifa makubwa. Zile taratibu za kutafakari zilizoandikwa vitabuni hazikumsaidia sana. Yeye alifanya jambo moja: kukumbuka kwamba Mungu yupo pale pale alipo, na kusema naye kama mtu asemavyo na mwenzake aliye karibu. Kabla ya kuanza kazi alimwomba Mungu amjalie asimsahau wakati mikono yake ikiwa na shughuli. Katikati ya kazi aliinua moyo kwa maneno machache. Alipomaliza alijipima: akiona amefanya vema, alishukuru, akiona amekosa, aliomba msamaha, kisha akarudi mbele za Mungu bila kukaa akijisikitikia. Kugeuza mayai kikaangoni, au kuokota unyasi ulioanguka sakafuni, alikufanya kwa ajili ya kumpenda Mungu.

Tena si jikoni tu. Mara kadhaa alitumwa safari za mbali, Auvergne na Burgundy, kununua divai ya nyumba ile. Kazi hiyo ilimwelemea, maana hakuwa mfanyabiashara, na kwa ubovu wa mguu wake hakuweza kutembea ndani ya chombo isipokuwa kwa kujiviringisha juu ya mapipa. Hakujisumbua kwa hayo. Alimwambia Mungu kwamba kazi ile ni ya Mungu mwenyewe, akaenda, na baadaye akaona kwamba mambo yamekwenda vizuri.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi hulisahau wanaposimulia habari zake. Kukaa huku na Mungu hakukuja kwa siku moja, wala kwa urahisi. Miaka 10 ya kwanza aliteseka sana rohoni. Alisahau mara nyingi. Mawazo yalimchukua, akarudi, yakamchukua tena. Dhambi zake za zamani zilikuwa mbele ya macho yake. Kwa muda wa miaka 4 aliamini kabisa kwamba amekwisha kupotea, wala hapakuwa na mtu aliyeweza kumwondolea wazo hilo. Huyu ndiye mtu tunayemsifu kwa amani yake!

Katika giza hilo alifikia uamuzi mmoja. Alijiambia kwamba alikuja utawani kwa ajili ya kumpenda Mungu tu. Basi, aokoke au apotee, ataendelea kufanya kila jambo kwa kumpenda Mungu muda wote atakaokuwa hai. Hakungoja kwanza ajisikie vizuri. Alipokuwa amekubali kwamba huenda atamaliza siku zake katika taabu ile, ndipo roho yake ikapata amani kubwa ambayo haikumwacha tena. Ikawa kwake saa ya kazi haina tofauti na saa ya sala, na katika kelele za jikoni, watu wakimwita huku na huku, alikuwa na utulivu kama mtu aliyepiga magoti.

Mguu ulipozidi kumsumbua alipewa kazi nyepesi ya kutengeneza viatu vya watawa, ila mara kwa mara alirudi kusaidia jikoni. Habari zake zikaenea. Tangu Agosti 1666 padre mmoja, Joseph de Beaufort, alimwendea kuzungumza naye na kuandika aliyoyasikia. Hata François Fénelon, ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Cambrai, alimtembelea alipokuwa mgonjwa sana, akamkuta mchangamfu. Ndugu Laurent alifariki tarehe 12 Februari 1691, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70. Beaufort alikusanya barua zake chache na mazungumzo yale, akayachapisha mwaka 1692 na 1694. Kitabu hicho kidogo kilivuka mipaka ya makanisa. John Wesley, kasisi wa Kanisa la Uingereza, alitia sehemu zake katika mkusanyo wa vitabu aliowachapishia Wakristo katika karne ya 18.

Mpendwa msomaji, tunajifunza nini? Kwanza, tusimfanye Ndugu Laurent kuwa kisingizio cha kuacha ibada, tukisema kwamba Mungu yupo hata jikoni. Yeye alishika saa za sala za nyumba yake pamoja na wenzake. Aliyoyapata mbele ya altare aliyachukua mpaka kwenye sufuria, wala hakuyatenga.

Pili, tusikate tamaa kwa kuwa tunasahau. Anayejaribu jambo hili asubuhi, na kugundua jioni kwamba hakumkumbuka Mungu hata mara moja, hajashindwa. Kule kugundua ndiko kurudi. Haba na haba hujaza kibaba. Chagua kazi moja ya kila siku, iwe kufagia uwanja, kupalilia, kusahihisha madaftari au kungoja gari kituoni, na kila uifanyapo inua moyo kwa maneno machache. Kazi hiyo ikizoea, ongeza nyingine.

Tatu, tusiipime imani yetu kwa jinsi tunavyojisikia. Labda yumo miongoni mwetu anayekuja kanisani kila Jumapili na moyoni mwake anadhani kwamba Mungu amekwisha kumwacha. Na akumbuke mpishi yule, aliyeendelea kupika, kuomba na kupenda kwa miaka 4 bila kuona nuru. Mti ule wa wakati wa baridi ulikuwa hai muda wote ule, ingawa haukuwa na jani hata moja.

Mungu atujalie kumtambua leo mahali alipotuweka, na tukimsahau, atujalie kurudi upesi.