Mtakatifu Jean-Baptiste de La Salle: Mwenye Nacho na Asiye Nacho Darasa Moja

Kila tarehe 7 Aprili Mama Kanisa humkumbuka Mtakatifu Jean-Baptiste de La Salle, padre Mfaransa ambaye Papa Pio XII alimtangaza mwaka 1950 kuwa Msimamizi wa walimu. Sanamu zake humwonyesha akiwa na mtoto ubavuni. Leo twapenda kumtazama akiwa kati ya walimu wake, maana hao ndio waliomgeuza.

Alizaliwa Reims mwaka 1651, kifungua mimba wa jamaa ya matajiri. Akiwa na miaka 15 alifanywa kanoni wa Kanisa Kuu, cheo chenye heshima na mapato. Mwaka 1678 akapata upadre. Mwaka uliofuata alikutana na Adrien Nyel, mlei aliyefika mjini humo kufungua shule ya bure kwa wavulana maskini. Alikusudia kumsaidia kidogo tu. Lakini walimu wale hawakuwa wameandaliwa, na kila mmoja alifundisha apendavyo. Aliwakaribisha mezani pake, na mwaka 1681 akawahamishia nyumbani kwake. Ndugu zake wakachukizwa. Na tusisahau kwamba yeye mwenyewe hapo awali aliwahesabu kuwa chini ya mtumishi wake.

Alipowahimiza wamtumaini Mungu kwa ajili ya kesho, walimjibu waziwazi kwamba maneno hayo ni mepesi kinywani mwa mtu mwenye mali na cheo. Wao shule zikifungwa wangebaki ombaomba. Jibu hilo lilimchoma. Mwaka 1683 akajiuzulu ukanoni, na njaa ilipoingia akagawa urithi wake kwa kuwalisha maskini mikate. Tangu hapo alikula walichokula walimu.

Ndivyo lilivyozaliwa Shirika la Mabruda wa Shule za Kikristo. Kwa kushauriana walipanga watoto katika madarasa, badala ya kila mtoto kuitwa peke yake mbele ya mwalimu, nao wakaanza kusoma kwa Kifaransa, lugha yao, si kwa Kilatini. Taratibu hizo ziliandikwa kitabuni baada ya miaka mingi ya kujaribu na kusahihishana.

Kilichomfikisha mahakamani kwetu chaweza kuonekana kidogo. Shule zake hazikutoza ada kwa yeyote, wala mwenye nacho hakutengwa na asiye nacho. Walimu wa mwandiko wa Paris, walioishi kwa ada, walidai kwamba shule ya bure ni ya mafukara waliothibitishwa tu. Mwaka 1704 alitozwa faini, na vifaa vya shule vikachukuliwa. Hata hivyo hakukubali kuwapambanua watoto. Sisi twaona alikuwa na haki: mtoto anayedaiwa kwanza uthibitisho wa ufukara wake huingia darasani akiwa ameinamisha kichwa.

Baadaye alijitenga kusini mwa Ufaransa, amechoka, akidhani kwamba yeye ndiye kikwazo. Mwaka 1714 Mabruda wa Paris walimwandikia barua wakimwamuru arudi, kwa nadhiri ya utii aliyoiweka mbele yao. Mwanzilishi akawatii wafuasi wake, akarudi. Mwaka 1717 walimchagua Bruda Barthélemy kuwa mkuu, na de La Salle akaishi chini yake huko Saint-Yon, karibu na Rouen, hadi alipofariki Ijumaa Kuu, tarehe 7 Aprili 1719.