James Parkinson, munganga aliyeangalia namna watu wanavyotembea

Kila tarehe 11 Aprili, dunia huadhimisha siku ya ugonjwa wa Parkinson. Ni tarehe aliyozaliwa James Parkinson mwaka 1755, katika mtaa wa Hoxton, London. Hapa Lubumbashi, mzee akianza kutetemeka mikono na kuburuta miguu, wapo wanaosema ni uzee tu, na wapo wanaosema amerogwa. Munganga huyu alionyesha kwamba ni ugonjwa.

Parkinson alifuata kazi ya baba yake, naye munganga. Katika siasa hakunyamaza: aliandika vijitabu vya kutetea maskini kwa jina la Old Hubert. Mwaka 1794 alihojiwa na baraza la mfalme juu ya njama ya kumuua George III, lakini hakushtakiwa.

Mwaka 1817 alitoa kitabu kidogo kuhusu wagonjwa sita. Wawili kati yao alikutana nao njiani, na mmoja alimwona kwa mbali tu. Aliandika juu ya mikono inayotetemeka, mgongo unaoinama, na hatua fupi za haraka zinazomsukuma mtu mbele kama anayetaka kuanguka. Alifariki tarehe 21 Desemba 1824. Baadaye Mfaransa Jean-Martin Charcot aliupa ugonjwa huo jina lake. Ndio uliomshika Muhammad Ali, mshindi wa pambano la Kinshasa la 1974. Wanganga waliutambua mwaka 1984.

Mwaka 1987, huko Grenoble, Ufaransa, timu ya Alim-Louis Benabid ilionyesha njia mpya: waya mwembamba ndani ya ubongo hupokea umeme kutoka betri iliyofichwa chini ya ngozi ya kifua. Umeme huo hupunguza kutetemeka na kukakamaa. Mgonjwa ambaye dawa ya levodopa humsaidia kutembea anaweza kupata hatua ndefu na za haraka zaidi. Lakini miguu inayoganda ghafla hata baada ya dawa, na kuanguka mara kwa mara, mara nyingi havitulizwi na umeme. Kwa wengine mwendo huharibika zaidi, na wanganga hulazimika kurekebisha nguvu za mashine.

Miaka zaidi ya 200 imepita, na mwendo ule alioutazama Parkinson barabarani bado unawasumbua wanganga. Ugonjwa huu hauambukizi. Mzee anayeburuta miguu apelekwe hospitali mapema, asitengwe.