Rowland Hill, mwalimu aliyeinyoosha posta ya Uingereza

Miaka ya 1830 nchini Uingereza, kwa kawaida mpokeaji ndiye aliyelipia barua, tena kwa umbali na idadi ya karatasi. Wajanja waliweka alama juu ya barua: ndugu anaiona, anaelewa, anakataa kulipa. Yaani kubipu kabla ya simu!

Rowland Hill, aliyezaliwa 1795, alikuwa mwalimu, si mtu wa posta. Mwaka 1837 alipiga hesabu akagundua safari ya barua haikuwa ghali. Kilichokula hela ni makarani kukadiria bei ya kila barua na tarishi kudai malipo mlangoni. Dawa yake: bei moja nchi nzima, peni 1, mtumaji alipe kabla.

Wakubwa wa posta walimpinga, lakini 1840 bei hiyo ilianza. Mei ikaja stempu ya kwanza ya kubandika duniani. Mwaka huo barua ziliongezeka zaidi ya mara mbili.

Kasoro nazo zikaonekana. Watu walifuta mhuri na kurudia stempu, hivyo 1841 stempu nyeusi ikawa nyekundu, mhuri ukawa mweusi. Faida ya posta ilishuka sana, na 1842 Hill akaondolewa kazini.

Akarudishwa 1846, na 1854 akawa katibu mkuu wa posta. Hakubweteka: London ikagawanywa kanda za posta ili barua zifike haraka. Alistaafu 1864, akafariki 1879.

Ukibandika stempu leo, bado unatumia hesabu zake.