George Albert Boulenger, mutu aliyeandika majina ya samaki wa Tanganyika

Mikebuka na lumbu zinauzishwa kwenye masoko ya Uvira, Baraka na Kalemie. Wavuvi walijua samaki hawa tangu zamani na walikuwa na majina yao. Lakini majina ambayo watafiti wa dunia yote wanatumia yalitoka kwenye meza ya mutu mumoja kule London: George Albert Boulenger.

Alizaliwa Bruxelles, Ubelgiji, tarehe 19 Mwezi wa 10, mwaka wa 1858. Alimaliza masomo ya sayansi mwaka wa 1876, akatumika kwanza kwenye makumbusho ya muji wake. Kisha alienda Uingereza, akaingia kwenye British Museum. Mwaka wa 1882 akapata uraia wa Uingereza, na alibakia kwenye kazi ile mpaka mwaka wa 1920.

Samaki, vyura na nyoka walimufikia wakiwa wamekufa, ndani ya chupa za pombe kali. Boulenger alihesabu magamba na miiba ya mapezi, akaangalia taya na meno, kisha akaamua kama ni aina yenye kujulikana ao mupya. Kwa njia hiyo aliandika aina zaidi ya 1,000 za samaki.

Mwaka wa 1901, wakati inchi ilikuwa chini ya Léopold II, alitoa kitabu kikubwa juu ya samaki wa bonde la Kongo. Kati ya mwaka wa 1909 na 1916 akatoa vitabu vine juu ya samaki wa maji baridi wa Afrika yote. Lumbu aliiandika mwaka wa 1906. Mikebuka aliiandika mwaka wa 1914, akaipa jina la daktari Mubelgiji Louis Stappers, aliyekusanya samaki kwenye ziwa.

Lakini chupa haionyeshe kila kitu. Mwaka wa 1898 Boulenger alipokea samaki mudogo wa Tanganyika mwenye meno ya ajabu, akamuita Perissodus. Umbo la meno aliliona vizuri. Kazi yake haikuonekana kwenye meza. Jibu lilipatikana kando ya ziwa lenyewe. Mwaka wa 1954 Georges Marlier, mutafiti wa kituo cha IRSAC cha Uvira, pamoja na mwenzake Leleup, walieleza kwamba kuna samaki wa Tanganyika wenye kula magamba ya samaki wengine.

Mwaka wa 1993 Mujapani Michio Hori akaongeza jambo lingine. Kati ya Perissodus, kuna wenye mudomo umepinda kuume na wenye umepinda kushoto. Mwenye kupinda kuume anashambulia ubavu wa kushoto, na mwingine ubavu wa kuume. Wa upande mumoja wakizidi, samaki wenye kushambuliwa wanalinda upande ule zaidi, wale wengi wanakosa chakula, na wachache wanaanza kuongezeka. Ndivyo mageuzi yanavyoshikanisha umbo la kiumbe na kazi yake.

Mwaka wa 1921, wakati alikuwa ameacha kazi London, Boulenger aliandika samaki mwingine wa Kongo: Caecobarbus, mwenye kuishi katika mapango ya Thysville, leo Mbanza-Ngungu. Samaki huyo hana macho wala rangi. Kwenye giza, vyote viwili havina kazi.

Miaka yake ya mwisho Boulenger aliacha samaki, akachunguza maua ya waridi. Alikufa Saint-Malo, Ufaransa, tarehe 23 Mwezi wa 11, mwaka wa 1937.

Kuhe, samaki mukubwa wa Tanganyika, anaitwa na wanasayansi Boulengerochromis, kwa heshima yake. Majina aliyaandika yeye, mbali na ziwa. Lakini namna samaki hawa wanavyoishi, inajulikana tu kwa kuwachunguza wakiwa wazima, ndani ya maji yao.