Lenzi isiyo na jina iliyombadilisha Edward Weston
Kama bado unangoja pesa za kamera mpya ndipo uanze kupiga picha, hebu kaa nikupe stori ya Edward Weston.

Jamaa alizaliwa Illinois, Marekani, mwaka 1886. Akiwa na miaka 16 babake akampa kamera ya Kodak. Baadaye akaingia chuo cha upigaji picha, akamaliza kozi ya miezi tisa kwa sita tu, lakini wakamnyima diploma hadi alipe karo yote. Akaondoka bila karatasi. (Mimi niliyeacha chuo katikati, hapo nilisoma mara mbili.)

Mwaka 1911 akafungua studio Tropico, California. Enzi hizo fasheni ilikuwa picha laini, zenye ukungu, mtu aonekane kama amechorwa kwa brashi. Weston alizijua hizo vibaya sana. Zilimpa tuzo, jina na unga wa watoto wanne.

Sasa sahau simu yako kidogo. Kamera yake ilikuwa sanduku la mikunjo kama kodiani, juu ya miguu mitatu, na filamu moja ya inchi 8 kwa 10, karibu saizi ya A4. Mbele kuna kibao chenye tundu, lenzi imefungwa hapo. Ukitaka nyingine unafungua komeo, unang'oa kibao kizima, unachomeka kingine. Kikiacha upenyo, mwanga unapenya na filamu imekwenda. Halafu unajifunika kitambaa cheusi, unatazama kioo cha nyuma, ambapo dunia imesimama kichwa chini, unaanza kufokasi upya.

Mwaka 1923 akaenda Mexico na Tina Modotti na mwanawe Chandler. Mkewe na watoto watatu wakabaki nyumbani, hapo simtetei. Mizigoni alikuwa na lenzi za Graf Variable na Verito, zilizoundwa kwa ule ulaini ambao tayari ulikuwa unamchosha. Huko akanunua lenzi ya mtumba aina ya Rapid Rectilinear, muundo wa 1866. Haikuwa hata na jina la kampuni. Ikawa ndiyo lenzi yake kuu kwa miaka mingi.

Ukungu ukaisha. Akapiga hata choo cha nyumba yake, siku baada ya siku, mwaka 1925, kwa heshima ambayo wengine wanampa bibi harusi. Pesa je? Hazikuja. Wateja bado walitaka sura zao zipakwe urembo, naye alikubali ili ale.

Aliporudi California, mwaka 1930 akaweka pilipili hoho ndani ya faneli ya bati, akapata Pepper No. 30. Ukiitazama utadhani ni mgongo wa mtu. Mwaka 1937 akawa mpiga picha wa kwanza kupewa ufadhili wa Guggenheim.

Kisha Parkinson ikamshika mikono. Picha ya mwisho aliipiga Point Lobos mwaka 1948, akafariki Januari 1, 1958. Ile lenzi isiyo na jina sasa iko katika makumbusho ya George Eastman, Rochester.